Kutoka shahada ya sheria hadi joho: njia ya uwakili Tanzania Bara

Msimu wa mahafali ukipita tu, simu huanza. "Dada shikamoo, nimemaliza LL.B, sasa naweza kufungua ofisi?" Marahaba, mdogo wangu, hongera sana, na jibu ni hapana. Ulichopata ni shahada; umekuwa mwanasheria. Wakili ni habari nyingine. Ni mtu ambaye jina lake limo kwenye Orodha ya Mawakili inayotunzwa na Mahakama Kuu, na ana cheti hai cha mwaka huu. Asiye na hivyo viwili akapokea pesa za watu kwa kazi ya uwakili, huyo ndiye tunayemwita kishoka, hata kama chuoni alikuwa anaongoza darasa.

Nimechoka kueleza kwa simu, kwa hiyo naiandika njia yote hapa. Inahusu Tanzania Bara. Zanzibar wana Mahakama Kuu yao na taratibu zao za mawakili. Ukiapishwa Dar es Salaam usidhani umeapishwa na Unguja.

Hatua ya kwanza: anza ukiwa bado chuoni

Elimu ya chuo kikuu nchini ilianza na sheria. Oktoba 1961, kabla hata bendera ya Uhuru haijapanda, wanafunzi 14 waliketi katika jengo la TANU Mtaa wa Lumumba kusoma sheria. Watu 14! Mwalimu aliwajua kwa majina na kwa mwandiko. Wewe leo uko kwenye ukumbi ambao wa nyuma hasikii vizuri, na mhadhiri wako ana rundo la mitihani ya kusahihisha. Mazoezi utajitafutia mwenyewe.

Pa kuyatafuta ni mahakamani. Milango iko wazi, hakuna kiingilio, na huhitaji barua isipokuwa kwa mashauri yanayosikilizwa faragha. Anza na mahakama ya mwanzo. Wengi huikwepa wakikimbilia Mahakama Kuu kuona majoho, lakini kwenye mahakama ya mwanzo utamwona mama anayedai ng'ombe akijieleza mwenyewe, kwa maneno yake, na hakimu akichuja katika maelezo yale nini ni ushahidi na nini ni uchungu wa moyo. Kazi yako yote ya baadaye ni kuchuja hivyo. Kaa benchi la nyuma, zima simu, chukua daftari. Kwa kila shauri andika mambo matatu: nani anadai nini, ameleta nini kuthibitisha, na jambo lenyewe lilitokea tarehe ngapi. Hilo la tarehe utaliona tena mbele.

Jioni fungua TanzLII, tovuti ya sheria na hukumu za Tanzania. Hukumu za Mahakama Kuu na Mahakama ya Rufani ziko pale bure. Soma ukurasa wa maelezo ya kesi, kisha funga, andika wewe ungeamuaje na kwa sheria gani, halafu ndipo usome jaji aliamua nini. Hukumu moja kwa siku. Mwanzoni utakosea karibu zote na hakuna anayekuona.

Halafu Kiswahili. Mwaka 2021 sheria ilibadilishwa, Kiswahili kikawa lugha ya sheria na ya mahakama, na Kiingereza kikabaki kwa mazingira maalumu. Februari mwaka huo huo Rais Magufuli alimpandisha Jaji Zephrine Galeba kwenda Mahakama ya Rufani akisifu hukumu aliyoiandika kwa Kiswahili alipokuwa Mahakama Kuu Musoma. Pamoja na hayo, bado naletewa vijana wanaoweza kueleza pingamizi la awali kwa Kiingereza kizuri kabisa, lakini mteja akiwauliza "maana yake nini, mwanangu?" wanaanza kupapasa. Jizoeze mapema: kila kesi uliyoisoma, msimulie mtu wa nyumbani ambaye hajasoma sheria. Ujue hati ya madai, amri ya zuio, ushahidi wa kusikia kwa mtu, kukaza hukumu, yaani kuitekeleza. (Hilo la mwisho nalipenda sana. Hukumu isiyokazwa kweli hulegea, muulize yeyote aliyeshinda kesi na hajalipwa mpaka leo.)

Na kama chuo chako kina kamati ya msaada wa kisheria, jiandikishe. Mwishoni mwa Januari, Wiki ya Sheria inapofika, mahakama huweka mabanda na wananchi huja na mabahasha yao ya nailoni. Omba hata kukaa pembeni kuandika.

Hatua ya pili: Law School

Jina lake rasmi ni Taasisi ya Mafunzo ya Uanasheria kwa Vitendo Tanzania. Iliundwa kwa sheria ya mwaka 2007, ikapokea wanafunzi wa kwanza 2008, na mtaani kila mtu anaiita Law School. Usifikiri inawahusu wanaotaka ofisi binafsi peke yao. Tazama tangazo lolote la ajira ya Hakimu Mkazi au Wakili wa Serikali: wanataka shahada na stashahada ya hapo.

Kabla ya kuomba, mwaga vyeti vyako vyote mezani: cha kuzaliwa, kidato cha nne, kidato cha sita au stashahada, shahada na matokeo yake. Soma jina lako kwenye kila kimoja, herufi kwa herufi. Kama cha kuzaliwa kinasema Mwanahamisi na cha kidato cha nne kinasema Mwanahamis, suluhisha sasa kwa kiapo au hati ya kubadili jina, maana tofauti hiyo itakusumbua hapa, itakusumbua kwenye ombi la kuapishwa, na itakusumbua benki. Uliyesoma nje ya nchi, anza na Tume ya Vyuo Vikuu, TCU, kuitambua shahada yako, na anza mapema. Ada na mwongozo wa mikopo soma vya mwaka wako; bodi ya mikopo, HESLB, siku hizi ina dirisha la wanafunzi wa Law School, jambo ambalo sisi wa zamani tulilisikia kwenye ndoto.

Sasa mtihani, maana najua ndio unaokukosesha usingizi. Oktoba 2022 matokeo ya kundi moja yalitikisa nchi: kati ya wanafunzi 633 walifaulu 26 kwa mkupuo mmoja, 342 wakapewa sapu, yaani mitihani ya kurudia, na 265 wakadisko, yaani wakaondolewa masomoni. Waziri wa Katiba na Sheria wakati huo, Damas Ndumbaro, akaunda kamati chini ya Dkt. Harrison Mwakyembe. Kila mtu alikuwa na lawama yake: vyuo, shule, wanafunzi, lugha. Mimi nasema kilichowaangusha wengi ni aina ya swali. Chuo kilikuzoesha "jadili" na "eleza". Law School inakuletea mtu mwenye shida, na nusu ya maelezo yake haihusiani na kesi. Halafu inakwambia: andaa nyaraka.

Kwa hiyo usisome kwa kukariri. Fanya hivi:

Tafuta kikundi cha watu wanne au watano, si zaidi. Kila mmoja atunge mkasa na kumpa mwenzake. Aliyepewa aandike hati kamili kwa mkono, kwa saa iliyowekwa mezani: kichwa cha mahakama, wadaawa (anayedai na anayedaiwa), maelezo ya chanzo cha madai, mamlaka ya mahakama, nafuu zinazoombwa, uthibitisho. Mkibadilishana kusahihisha, kataeni kuoneana haya. Aliyesahau kuonyesha kwamba mahakama ina mamlaka apate sifuri, hata kama Kiingereza chake kinang'aa.

Mafunzo ya vitendo yakifika na ukapewa nafasi ya kuchagua, toka Dar. Kwenye ofisi kubwa ya mjini utakuwa hodari wa kurudufu karatasi na kupeleka bahasha masijala. Wilayani wakili yuko mmoja au wawili, majalada ni mengi, na wiki ya pili utaambiwa "andika rasimu nione".

Ukipata sapu, umepata sapu. Rudi ukafanye. Kati ya mawakili ninaowaheshimu kuliko wote, wawili walirudia mitihani.

Hatua ya tatu: ombi kwa Jaji Mkuu

Ukishamaliza, unawasilisha ombi la kukubaliwa na kuandikishwa kuwa wakili. Linakwenda kwa Jaji Mkuu kupitia mfumo wa e-Wakili, likiwa na kiapo, vyeti vyako na barua za watu wanaoijua tabia yako. Chagua wadhamini wanaokujua kweli. Barua ya mtu mkubwa inayosema "namfahamu kama kijana mzuri" haina uzito wa barua ya wakili wa wilayani uliyemfanyia kazi miezi mitatu.

Baraza la Elimu ya Sheria hupitia maombi na kukuita kwenye usaili. Hapo hawatafuti mtaalamu. Wanataka kujua kama unaweza kuachiwa mteja. Rudia maadili ya kazi, mamlaka ya kila ngazi ya mahakama, na muda wa ukomo, yaani siku ya mwisho ya kufungua shauri. Ukiulizwa usilolijua sema "sifahamu, Mheshimiwa, ila ningelitafuta kwenye sheria fulani". Anayebuni mbele ya jopo atabuni mbele ya mahakama, na wao wanalijua hilo.

Ukipita, utapangiwa siku ya kuapishwa mbele ya Jaji Mkuu. Joho na bendi, ile kola nyeupe ya shingoni, ukodi au uazime, usikope benki. Mama yako atalia, beba leso mbili.

Hatua ya nne: cheti, chama na muhuri

Hii ni fupi. Jiunge na Chama cha Mawakili Tanganyika, TLS, ambacho kipo tangu 1954. Lipia cheti cha kufanyia kazi na ukihuishe kila mwaka kabla hakijaisha muda. Nyaraka iliyosainiwa na wakili asiye na cheti hai ni zawadi kwa upande wa pili. Kama utashuhudia viapo na mikataba, hakikisha una sifa za Kamishna wa Viapo, na muhuri ule ufungie kabatini. Usisaini kiapo cha mtu ambaye hayuko mbele yako, hata akiwa shemeji yako, hata akiwa "yuko njiani".

Hatua ya tano: mteja wa kwanza

Hapa nitakaa, maana hapa hakuna anayekusahihishia.

Mteja wangu wa kwanza wa peke yangu alikuwa mzee mmoja aliyeachishwa kazi ya ulinzi. Alikuja na barua iliyokunjwa mara nne. Kisa chake kilinichoma: hakuitwa kwenye kikao, hakupewa sababu, miaka 11 ya utumishi. Nikamsikiliza saa nzima. Nikaenda kusoma sheria, nikatafuta hukumu, nikaandika kurasa sita za hoja tamu. Siku ya kujaza fomu ya Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ndipo nikatazama vizuri tarehe ya barua. Mgogoro wa kuachishwa kazi unapelekwa Tume ndani ya siku 30. Alipofika ofisini kwangu zilikuwa zimebaki siku tano. Mimi, kwa utamu wa hoja zangu, nilikuwa nimekaa nazo tisa. Tukaanza kuomba kuongezewa muda, na kwenye ombi la namna hiyo unatakiwa ueleze kila siku iliyochelewa. Siku nne zile za mwisho zilikuwa zangu, na nililazimika kuziandika hivyo kwenye kiapo changu.

Tangu siku hiyo ukiingia ofisini kwangu, salamu zikiisha, swali la kwanza ni tarehe. Hizi ziandike kwenye kadi uibandike ukutani:

- Kuachishwa kazi: siku 30 kwenda Tume. Madai mengine ya kazi: siku 60.
- Madai ya mkataba: miaka 6. Madai ya uzembe na madhara mengine yasiyotokana na mkataba: miaka 3. Kurejesha ardhi: miaka 12.
- Umeletewa hati ya madai: utetezi ndani ya siku 21.
- Rufaa kutoka mahakama ya mwanzo kwenda ya wilaya: siku 30.
- Kwenda Mahakama ya Rufani: notisi ndani ya siku 30, na rufaa yenyewe ndani ya siku 60 tangu kuwasilisha notisi.
- Kuishtaki Serikali: notisi ya siku 90 kwanza.
- Kupinga uamuzi wa mamlaka ya umma kwa njia ya mapitio ya mahakama: kibali kiombwe ndani ya miezi 6.

Hiyo kadi ni ya kukushtua tu. Kila mara fungua sheria yenyewe, na uangalie ni toleo gani: Toleo la Marekebisho la 2023 limeanza kutumika tarehe 1 Julai 2025 na vifungu vingi vimepangwa upya, kwa hiyo namba uliyoikariri chuoni huenda leo inazungumzia jambo jingine.

Baada ya tarehe, mlango. Shauri zuri likipelekwa mahali pasipo mamlaka ni karatasi. Mgogoro wa ardhi, kwa mfano: tangu marekebisho ya 2021 baraza la kata haliamui tena, linapatanisha tu, na kabla ya kufika Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya unatakiwa uwe umepitia huko. Bado naona wateja wenye "hukumu" za kata za juzi wanazitembeza kama hati miliki.

Ndipo sasa umwache mteja aseme. Mzee akianza na babu yake aliyehama kutoka Upare, usimkate. Kwenye ukoo ule ndimo alimo shahidi wako, na ndimo alimo mtu wa tatu ambaye hukuambiwa kwamba naye anadai shamba. Mpe "shikamoo" yake, mpe kiti chenye mgongo, andika maneno yake kama anavyoyasema. Akimaliza, msomee ulichoandika. Wazee hurekebisha mambo makubwa wakati wa kusomewa. Mwishoni muulize swali ambalo wengi wanaliogopa: "Huyo mwenzio akija kwangu, atanieleza nini?" Jibu lake ndilo kesi yako halisi.

Nyaraka siku hizi unawasilisha kwa mfumo wa kielektroniki wa mahakama, unapata namba ya malipo, unalipa. Usisubiri siku ya mwisho. Mfumo husumbua, umeme hukatika, na hakimu ameshazisikia sababu zote hizo mara nyingi kabla yako.

Hatua ya sita: pesa

Ipo Amri ya Malipo ya Mawakili ya mwaka 2015 inayokupa viwango. Isome kabla hujataja bei. Makubaliano yawe ya maandishi, hata kama mteja ni mjomba. Hasa kama ni mjomba. Toa risiti.

Pesa ya mteja ikae kwenye akaunti ya wateja, mbali na ya ofisi. Mahakama ikimwamuru mdaiwa alipe milioni nane na zikapitia kwako, zile si zako hata kama mwenye nyumba amekuwekea kufuli mlangoni asubuhi hiyo. Ukisikia wakili ameitwa mbele ya Kamati ya Mawakili, inayosikiliza malalamiko dhidi ya mawakili, uliza: mara nyingi utakuta pesa ya mteja "iliazimwa". Kanuni za maadili za 2018 zisome zote, ni kazi ya jioni moja. Zinakubana pia kwenye kujitangaza, kwa hiyo achana na yale mabango ya "ushindi asilimia mia". Na usimwahidi mtu ushindi. Muahidi kwamba utafika kila tarehe na utampigia simu kila baada ya tarehe. Ajabu ni kwamba hilo la simu peke yake litakuletea wateja kuliko bango.

Hatua ya saba: pokea kesi zisizolipa

Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017 imewapa nafasi wasaidizi wa kisheria walioko kata na vijijini. Wafahamu wa wilaya yako kwa majina. Hawaruhusiwi kumwakilisha mtu mahakamani wala kumtoza, lakini wao ndio wanaomjua mjane aliyenyang'anywa shamba wiki moja baada ya arobaini, na watakuletea jalada likiwa limepangwa vizuri kuliko la ofisi nyingi za mjini.

Kisha jiandikishe kwa Msajili wa Mahakama Kuu kwamba uko tayari kupangiwa washtakiwa wa mauaji wasio na uwezo wa kuweka wakili. Malipo ni kidogo na hukawia. Wakubwa wengi huzikwepa kesi hizi, ndiyo maana wewe wa mwaka wa kwanza utajikuta umesimama Mahakama Kuu, mbele ya jaji, na maisha ya mtu yako mikononi mwako. Ukipangiwa, usikutane na mshtakiwa kwa mara ya kwanza asubuhi ya kusikilizwa, kwenye mahabusu ya mahakama, karandinga likinguruma nje. Nenda gerezani wiki mbili kabla. Beba kitambulisho cha uwakili, barua ya kupangiwa na kalamu mbili.

Akikaa mbele yako atataka kukuanzia na "mimi sikuua, wakili". Mwitikie, halafu muulize alikamatwa siku gani, saa ngapi, na maelezo yake polisi waliyaandika saa ngapi. Sheria inawapa saa nne kuyaandika tangu kumkamata, isipokuwa muda uongezwe kwa utaratibu. Atasema hakumbuki, hakuwa na saa. Muulize kama jua lilikuwa limezama, kama alikuwa amekula, kama adhana ilikuwa imeshaadhiniwa, na uandike anavyojibu.